Jinsi ya Kuligeuza Shairi Kuwa Wimbo kwa Njia ya Waimbaji wa Kikannada

Kusini mwa India, katika jimbo la Karnataka ambako lugha kuu ni Kikannada, kuna aina ya uimbaji ambayo wenyewe huiita sugama sangeetha, maana yake muziki mwepesi. Neno hilo "mwepesi" lisimdanganye msomaji. Wepesi unaosemwa ni wa msikilizaji, ambaye hahitaji kusomea muziki ili aelewe anachoimbiwa. Mwimbaji mwenyewe hubeba mzigo mzito, kwa sababu kazi yake ni kulichukua shairi lililotungwa na mshairi, kulitia sauti, na kulifikisha kwa watu bila neno hata moja kupotea njiani. Wimbo wa namna hiyo huitwa bhavageethe, yaani wimbo wa hisia.

Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Lubumbashi, katika Katanga ya Kongo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiyaimba mashairi ya Kiswahili kwa njia hiyo. Niliifahamu kwa mama mmoja mwenyeji wa Mysuru, mji wa jimbo hilo la Karnataka, ambaye mume wake alikuwa na duka la dawa mjini kwetu. Siku ya kwanza nilipomwomba anifundishe nilitarajia atafungua harmoniamu yake, kile kinanda kidogo cha kupulizwa kwa mkono. Badala yake akaniambia, "Mwalimu, nisomee kwanza shairi lako." Nikamsomea ubeti huu, ambao niliutunga mwenyewe (Katuba ni mtaa wa mji wetu):

Nilipofika Katuba, mama hakuwa nyumbani,
Nikamkuta tu baba, ameketi mlangoni,
Maneno yake ni haba, macho yatazama chini,
Zimepita siku saba, tangu aende sokoni.

Nilipomaliza akasema, "Lisome tena, Mwalimu. Huyo mzee wa mlangoni sijamwona bado." Tulikaa karibu saa nzima bila kuimba hata noti moja. Ubeti huohuo ndio nitakaoutumia katika maelezo yafuatayo, kwa kuwa naujua kila kona, na kwa kuwa kila kosa ninalolionya hapa nililitenda juu yake.

Wajue walioitangulia kazi hii

Usianze na kinanda. Anza kwa kuwasikiliza waimbaji wenyewe, na kabla ya kuwasikiliza ujue kidogo maisha yao, maana maisha hayo yanaeleza kwa nini wanaimba jinsi wanavyoimba.

Anayetajwa kuwa mwanzilishi ni P. Kalinga Rao, aliyezaliwa mwaka 1914 na kufariki mwaka 1981, ambaye aliyapeleka mashairi ya washairi wa zama zake jukwaani wakati ambapo watu wengi walizoea kusikia huko nyimbo za ibada na za maigizo. Baada yake akaja Mysore Ananthaswamy (1936–1995), mtunzi wa sauti tamu zilizo rahisi kushikika, ambaye mwaka 1978 alitoa kaseti ya mashairi ya K. S. Nissar Ahmed iliyoziingiza nyimbo za aina hii katika nyumba za watu wa kawaida. C. Ashwath alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 na kufariki tarehe hiyohiyo ya mwaka 2009. Sauti yake ilikuwa pana na yenye nguvu, na nyimbo za Shishunala Sharif, mshairi Mwislamu wa kijijini wa karne ya 19 ambaye Wahindu na Waislamu wote humheshimu kama mtakatifu, zilipata uhai mpya kinywani mwake. Shimoga Subbanna (1938–2022) alikuwa wa kwanza kutoka Karnataka kupata tuzo ya taifa ya India kwa mwimbaji bora wa kiume wa nyimbo za filamu. Upande wa akina mama wapo B. K. Sumitra na Ratnamala Prakash, na huyu wa mwisho ni binti wa R. K. Srikantan, bingwa wa muziki wa kale wa kusini.

Tazama sasa jambo ambalo mimi hulirudia kila mara kwa vijana wa kwaya yangu: Ashwath alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha simu cha serikali mjini Bengaluru kwa miaka mingi, na Subbanna alikuwa mwanasheria. Hawakungoja muziki uwalishe ndipo waimbe. Walifanya kazi zao huku wakiimba, na redio ikawapa wasikilizaji. Redio ilikuwa na mizizi mirefu katika jimbo lile. Mwaka 1935 profesa wa saikolojia aitwaye M. V. Gopalaswamy alianzisha mjini Mysuru kituo kidogo alichokiita Akashvani, yaani sauti itokayo angani, na jina hilo baadaye likawa la redio ya taifa zima. Redio hiyo huwapima waimbaji kwa majaribio na kuwapa madaraja, na mtu aweza kupanda kutoka daraja B hadi la juu kabisa kwa miaka mingi ya kujaribiwa tena na tena. Kwa hiyo mwimbaji wa muziki huu alikulia mbele ya maikrofoni tupu, bila mavazi ya kung'aa wala dansi ya kumsaidia. Alikuwa na maneno na pumzi yake tu.

Nyimbo zao zinapatikana kwenye intaneti. Chagua mmoja, uusikilize mara tatu. Mara ya kwanza fuatilia pumzi peke yake, uone ni wapi mwimbaji anavuta hewa. Hata kama hujui Kikannada utatambua kwamba hapumui katikati ya neno. Mara ya pili tafuta silabi anazozirefusha. Mara ya tatu sikiliza vyombo, uone jinsi tabla (ngoma mbili ndogo za mkono) na filimbi zinavyonyamaza au kupungua kila maneno yanapoanza. Ukimaliza, utakuwa umepata nusu ya somo.

Chagua shairi linalobeba sauti

Si kila shairi zuri linaimbika. Shairi la hoja, lile linalojenga mabishano kutoka ubeti hadi ubeti, mara nyingi hukataa muziki, kwa sababu msikilizaji akishaanza kufuata sauti hupoteza uzi wa hoja. Tafuta shairi lenye picha moja au mbili zilizo wazi, beti tatu hadi tano, na mshororo mmoja unaostahili kurudiwa. Wimbo wa bhavageethe huchukua kwa kawaida dakika tano hivi. Ubeti wa tano ukipita, ubeti wa sita utakuwa wa mwimbaji na si wa msikilizaji.

Mshororo unaorudiwa huitwa kwao pallavi, na beti zinazofuata huitwa charana. Sisi tunacho kiitikio, kwa hiyo jambo hilo halitupi taabu. Taabu ni kuuchagua. Usichukue mshororo wenye siri ya shairi ukaufanya kiitikio, maana utakuwa umeifichua siri kabla ya wakati. Katika ubeti wangu, habari nzito imo katika mshororo wa nne. Kiitikio kwa hiyo ni mshororo wa kwanza, ambao ukisikika mara ya kwanza ni habari ya kawaida ya mtu aliyefika kwao, na ukirudi baada ya mshororo wa nne maneno ni yaleyale lakini msikilizaji si yuleyule.

Hapa lazima niseme kuhusu Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kwa sababu swali hili huulizwa kila mahali. Mshairi akiandika "batoto banalala", je, mwimbaji asahihishe aimbe "watoto wanalala"? Asithubutu. D. R. Bendre (1896–1981), mmoja wa washairi wakubwa wa Kikannada na mshindi wa tuzo ya fasihi ya Jnanpith ya mwaka 1973, aliandika mashairi mengi kwa lahaja ya mji wake wa Dharwad, kaskazini mwa jimbo, na waimbaji wa Bengaluru na Mysuru huyaimba kwa lahaja ileile bila kuyasafisha. Silabi "ba" hufunga midomo na kuifungua kwa kishindo, ilhali "wa" huteleza. Ukiibadilisha umebadilisha ngoma iliyomo ndani ya shairi. Kinyume chake pia ni kweli: aliyeandika Kiswahili sanifu asiimbiwe kwa lafudhi ya sokoni ili kuwachekesha watu. Imba kilichoandikwa.

Na kama mshairi yu hai, mwendee, umwombe ruhusa, ukae naye. Wengi wa washairi walioimbwa na Ananthaswamy na Ashwath walikuwa hai, na waliweza kuzisikia kazi zao zikiimbwa. Kwetu pia washairi wako karibu: ni walimu wa shule za Kamalondo na Kampemba, ni akina mama wa vikundi vya kanisa. Mwulize mshairi maswali mawili tu, yaani aliona nini alipokuwa akiandika, na ni neno gani ambalo hangependa lipotee.

Lisome hadi umwone mzee wa mlangoni

Kazi ndefu kuliko zote ni hii, na ndiyo waimbaji wetu wanaoiruka. Lisome shairi kwa sauti ya mazungumzo, si ya kuhutubia, angalau siku tatu kabla ya kulitafutia sauti ya kuimba.

Kikannada kinawafundisha waimbaji wake adabu ya matamshi kwa ukali, kwa sababu lugha hiyo ina irabu fupi na ndefu, na ina L mbili, moja ya kawaida na nyingine inayotamkwa kwa kuupinda ulimi nyuma. Mama wa Mysuru alinitamkia maneno manne yaliyosikika kwangu kama neno moja: bale ni wavu, bale ya A ndefu ni msichana, bale yenye L iliyopindwa ni bangili, na bale yenye A ndefu pamoja na L iliyopindwa ni mgomba. Mwimbaji anayerefusha irabu ovyo kwa ajili ya uzuri wa sauti anaweza kumgeuza msichana kuwa wavu wa samaki mbele ya ukumbi mzima.

Sisi tunajidhania tuko salama, na hatuko. Hapa kwetu wengi tunachanganya L na R, na katika mazungumzo hakuna anayeumia kwa hilo. Lakini mwaka mmoja kwaya yangu iliimba katika sherehe ya kufunga masomo, katika shule ambayo sitaitaja, wimbo wa kuwasifu watoto waliopewa kalamu. Waimbaji wangu walisema "karamu" katika kila kiitikio, nami nilikuwa nimewazoea kiasi cha kutosikia. Baada ya wimbo, babu mmoja alinijia akaniuliza kwa upole kabisa chakula kitatolewa saa ngapi. Tangu siku hiyo naandika ubaoni kalamu na karamu, mahali na mahari, choka na chokaa, na kila mwimbaji huyatamka peke yake kabla ya mazoezi kuanza.

Sasa mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: nyu-MBA-ni, m-la-NGO-ni, so-KO-ni. Nyimbo nyingi za kanisani tulizozirithi zilitungiwa sauti kwa maneno ya Kifaransa, lugha ambayo mkazo wake huangukia mwishoni mwa kundi la maneno. Maneno yakatafsiriwa, sauti zikabaki zilivyokuwa, na ndiyo sababu tumelelewa tukiimba so-ko-NIII kwa noti ndefu iliyo juu, kana kwamba ni jambo la kawaida. Sikio letu limezoea, lakini mtoto ambaye hajafundishwa wimbo huo hulazimika kuuliza neno hilo ni nini. Chukua penseli, upige mstari chini ya silabi yenye mkazo katika kila neno la mwisho wa kipande, yaani nusu ya mshororo. Mistari hiyo ndiyo misumari ambayo utatundikia sauti yako.

Utanzu wetu unatusaidia mno katika hili. Ushairi wa kale wa Kikannada uliweka kina katika silabi ya pili ya kila mshororo, hivyo sikio la Mkannada limefunzwa kungoja mlio mwanzoni. Shairi letu la mizani 16 limeweka vina katikati na mwishoni, na kwa kuwa kila kipande kina mizani 8, mkazo wa mwisho wa kipande huangukia daima kwenye silabi ya saba. Mtunzi wa sauti anajua mapema noti yake ndefu itakaa wapi. Ni zawadi kubwa ambayo wazee wa pwani walituachia, na mimi huona uchungu ninapomsikia mtunzi akiitupa.

Tafuta sauti ya msingi

Waimbaji wa India hawaimbi wakiwa wameegemea akodi zinazobadilikabadilika. Huimba juu ya sauti moja isiyonyamaza, iitwayo shruti, inayotolewa na chombo cha nyuzi nne kiitwacho tambura au na mashine ndogo. Kila mwimbaji ana shruti yake. Wanaume wengi hukaa karibu na do, wanawake wengi karibu na sol, na hakuna aibu kupanda au kushuka kidogo. Kosa ni kumlazimisha mtu sauti ya mwenziwe kwa sababu kinanda kimeshawekwa hivyo.

Hapa Lubumbashi tambura hatuna, lakini gita lipo karibu katika kila mtaa, na Katanga ni nchi ya gita tangu siku za Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi mwaka 1952 na kuzipeleka nyimbo zake za Kiswahili mbali sana. Legeza uzi mnene kabisa wa gita kutoka mi hadi re. Nyuzi tatu nene zitakuwa sasa re, la, re. Zipige polepole moja baada ya nyingine bila kubonyeza kitu, uendelee bila kukoma, na utakuwa na msingi uleule wa tambura: sauti ya nyumbani, sauti ya tano yake, na sauti ya nyumbani tena. Kama re si mahali pako, funga kapo, kile kibanio cha nyuzi, mahali panapokufaa. Umeme ukikatika, na utakatika, gita haliulizi.

Katika maelezo yanayofuata, nikisema do nina maana ya sauti hiyo ya nyumbani ya mwimbaji, popote alipoiweka.

Tunga sauti ya ubeti

Muziki wa Karnataka una hazina mbili, ya kusini iliyokuzwa Mysuru na ya kaskazini iliyokuzwa Dharwad na Hubballi, na muziki mwepesi huchota kote kuwili. Hazina hizo zimepangwa kwa raga, ambazo kwa maneno machache ni njia za sauti zenye noti zake na tabia yake. Kwa mwanzo chukua raga moja tu, iitwayo Mohana kusini na Bhupali kaskazini: do, re, mi, sol, la. Mwimbaji wa Katanga hatakuwa mgeni humo, maana nyimbo nyingi za bibi zetu hutembea juu ya noti hizohizo tano.

Kuhusu mdundo, mizunguko miwili inatosha: wa mapigo 8, ambao wapigaji wa tabla huuita keherwa, na wa mapigo 6, uitwao dadra. Ubeti wangu niliuweka kwenye mapigo 8. Mtu atashawishika kuweka silabi moja kwa pigo moja, kwa kuwa mizani ni 8 na mapigo ni 8. Asifanye hivyo, atapata watoto wa darasa la kwanza wanaohesabu. Fanya hivi: pigo la 1 ni kimya; la 2 "nili"; la 3 "pofi"; la 4 "ka Ka"; kisha "TU" ishike pigo la 5, la 6 na la 7; na "ba" iingie polepole kwenye la 8. Silabi sita za kwanza zinatembea kama mtu anayesema, halafu silabi ya mkazo inafunguka juu ya pigo la 5, linaloanza nusu ya pili ya mzunguko. Kipande cha pili kinakaa vilevile: "mama", "haku", "wa nyu", kisha "MBA" ndefu, na "ni" fupi ya kufunga.

Sasa noti. "Nili" iwe do, "pofi" re, "ka Ka" mi, "TU" ipande sol, iguse la na kurudi sol, "ba" ishuke mi. Kipande cha pili kianzie pale juu: "mama" sol, "haku" la kisha sol, "wa nyu" mi kisha re, "MBA" ianze mi ikitelezea re, na "ni" itue do. Iimbe mara kumi. Utasikia ni sauti ya mtu aliyefika kwao akiwa na furaha, mwenye mzigo wa zawadi begani, naye anataja tu kwamba mama ametoka kidogo.

Na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kosa langu la kwanza, ambalo mama wa Mysuru alilikataa palepale, lilikuwa kulia tangu mshororo wa kwanza kwa sababu mimi mtunzi nilijua mwisho. Msimulizi wa shairi hajui. Anamwona baba mlangoni, bado hajui. Anaona maneno haba na macho yaliyoinama, anaanza kushuku. Kwa hiyo mshororo wa pili ubaki katika Mohana kamili, na wa tatu uimbwe kwa noti za chini chini, do, re na mi peke yake, pasipo kupanda, na vyombo vipungue.

Katika mshororo wa nne rudia njia ileile ya mshororo wa kwanza, ila teremsha mi iwe mi bemoli. Ni noti moja tu iliyoshuka kwa nusu hatua. Noti tano unazopata, do, re, mi bemoli, sol, la, ndizo za raga nyingine, Shivaranjani, ambayo Wahindi huitumia kwa huzuni na kutamani. Angalia inapoangukia: "zime" do, "pita" re, na "siku" ndiyo inayopata mi bemoli kwa mara ya kwanza. Msikilizaji ambaye sikio lake lilikuwa limeshazoea mi anahisi kitu kimehama kabla hajasikia neno "saba". Muziki wa kale usingemruhusu mwimbaji kuhama raga kirahisi namna hiyo katikati ya wimbo, lakini muziki mwepesi unaruhusu, kwa masharti kwamba shairi ndilo lililoomba. Kisha "tangu aende so" ishuke, "KO" ianze mi bemoli na kutelezea re, na "ni" usiifikishe do kamwe. Iache ikining'inia kwenye re. Mama hajarudi, sauti nayo isirudi nyumbani.

Halafu kiitikio kinarudi, na mi yake ya mwanzo, bila bemoli. Wengi huniambia kibaki na huzuni. Mimi nakataa, na nimekijaribu kwa njia zote mbili mbele ya watu: furaha ileile ya mwanzo, ikirudi baada ya siku saba kutajwa, huumiza kuliko huzuni yoyote unayoweza kuiongeza.

Imba, kisha rekodi

Vyombo visizidi vitatu. Kule Karnataka utakuta harmoniamu, tabla, filimbi na fidla, na siku hizi kinanda cha umeme. Kwetu gita, ngoma moja ndogo ya mkono na filimbi, kama yupo anayeijua, vinatosha. Kanuni ni moja: maneno yanaposemwa, hakuna chombo kinachocheza melodi nyingine juu yake. Filimbi ijibu katika kimya cha pigo la 1 na kati ya beti.

Sauti isisukumwe. Hatuimbi barabarani mbele ya msafara wa harusi. Kaa umbali wa shubiri moja na maikrofoni, imba kana kwamba unamwambia mtu mmoja aliye upande wa pili wa meza. Mapambo ya sauti, yale ya kutikisa na kuteleza, yawekwe kwenye silabi ya mkazo peke yake, na yasizidi moja kwa kipande.

Simu ya mkononi inatosha kwa rekodi ya kwanza. Kama nyumba yako ni ya mabati, usijaribu kurekodi alasiri kati ya Novemba na Machi, kwa sababu mvua ikianza utasikia mabati tu. Amka saa kumi na moja alfajiri, kabla majirani hawajaanza kuchota maji. Tundika blanketi nene ukutani nyuma yako na jingine mbele yako. Rekodi mara tatu mfululizo bila kusikiliza, kisha pumzika hadi jioni ndipo uzisikilize.

Ukifika redioni au ukumbini, taja majina matatu kabla ya wimbo, kama redio ya India inavyofanya: aliyetunga maneno, aliyetunga sauti, na anayeimba. Hata kama wote watatu ni wewe, yataje yote matatu. Na kabla ya kumpelekea mtu mwingine yeyote rekodi yako, mpelekee mshairi. Ukae naye anaposikiliza, usimtazame usoni, tazama midomo yake. Mahali atakapoacha kulifuata shairi lake kwa midomo ndipo neno lilipokupotea, na hapo ndipo utakapoanzia kurekodi upya.